Meya wa jiji tajiri anapanda ndege kwenda Washington kuomba hela: wakuu, huu si uombaomba?

#1 Mtoto wa Kariakoo

Wakuu, habari za usiku.

Naomba kueleweshwa na mlioko Marekani. Nimekuwa nikifuatilia habari za Chicago na treni yao ya Red Line. Reli ilifika barabara ya 95 mwaka 1969 ikaishia hapo, na watu wa kusini zaidi wakaahidiwa kwamba siku moja itawafikia. Ni kilomita tisa hivi mpaka barabara ya 130, vituo vinne, lakini jiji limezihangaikia miaka yote hiyo. Januari 2025 Washington ikasaini kuwapa karibu dola bilioni 2. Oktoba mwaka huohuo Washington ileile, ikiwa na wenyewe wapya, ikasema hizo hela tunazishikilia kwanza.

Sasa swali. Jiji lenye maghorofa yale linakosaje hela ya vituo vinne vya treni? Huku tunawacheka wakurugenzi wa halmashauri wanaoshinda Dodoma na mafaili kwapani. Mimi naona bakuli ni lilelile, la wenzetu ni la kaure tu.

#2 Mla Pweza

Ngoja nikae hapa. Nani ana kashata?

#3 Dereva wa Usiku

Mtoto wa Kariakoo, mimi naendesha lori, makazi yangu Ohio. Nikwambie ninachokiona kwa macho.

Kati ya Cincinnati na upande wa Kentucky kuna daraja linaitwa Brent Spence. Lilifunguliwa 1963, likapigiwa hesabu ya magari kama 80,000 kwa siku. Leo yanapita kama mara mbili ya hapo. Magari yalipozidi, wakaifuta ile njia ya pembeni ya kusimamisha gari bovu wakaifanya njia ya kawaida. Kwa hiyo ukipasukiwa na tairi pale, umeziba nusu ya Marekani. Novemba 2020 malori mawili yaligongana usiku, moto ukawaka, daraja likafungwa kama wiki sita. Mimi nilikuwa na vitunguu vya kwenda Georgia. Nilizungushwa hata sijui nilipita wapi, nikafika nimechelewa kwa saa nne nzima, mwenye mzigo hakuitikia hata salamu.

Sasa daraja hilo ni la nani? Linabeba barabara kuu mbili, I-71 na I-75. Wengi tunaopita pale hata jina la meya wa Cincinnati hatulijui. Ukimwambia mkazi wa pale alipe peke yake ili vitunguu vyangu vipite, utakuwa unamwonea. Ndiyo maana pande zote mbili za mto zilikwenda Washington pamoja, zikapata zaidi ya bilioni 1.6. Januari 2023 Rais Biden alikuja kusimama pale na McConnell, seneta wa Kentucky wa chama kingine, nao siku nyingine hata kikombe hawashiriki. Mimi hapo sioni mwombaji, naona mtu anadai chake.

Na kila galoni ya dizeli ninayoweka, senti 24.4 ni kodi ya Washington. Petroli ni 18.4. Hela yangu imefika kule kabla ya meya.

#4 Mbishi Mstaarabu

Dereva, hapo kwenye senti umenoa kidogo. Viwango hivyo havijapanda tangu 1993, na tangu 2008 mfuko wa barabara unatiwa hela za hazina ya kawaida ili usikauke. Kwa hiyo si yako tu inayorudi. Ni yako, na ya bibi wa New York asiye na gari, na ya mkopo.

Mleta uzi nawe: zilizoshikiliwa Chicago ni bilioni 2.1, na si za kurefusha reli peke yake, umo na ukarabati wa Red Line na Purple Line. Sababu waliyotoa ni kwamba zabuni zisigawiwe kwa kuangalia rangi ya mtu. Wiki hiyohiyo wakashika na bilioni 18 za New York, handaki la mto Hudson na treni ya Second Avenue. Yote mawili ni majiji ya chama pinzani. Mengine jaza mwenyewe.

#5 Karani wa Ruzuku

Asante mleta uzi, umenigusa kwenye mkate wangu. Niko Minnesota, mji mdogo. Kazi yangu ni kuandika maombi ya ruzuku, na zikishapatikana, kulia na risiti.

Sababu ya kwanza wala haina siasa. Kodi ya mapato, ile nono, inakwenda Washington na jimboni. Miji mingi inabaki na kodi ya majengo na ardhi, na mahali pengine kipande cha kodi ya mauzo. Na mji haujiamulii kuanzisha kodi mpya ukipenda. Kisheria mji ni mtoto wa jimbo, Katiba ya Marekani haina hata mstari mmoja kuhusu serikali za miji. Jimbo likisema hapana, imekuwa hapana. Sasa bomba kuu la maji likioza chini ya barabara, kodi ya nyumba za watu elfu sita italitoa wapi jipya?

Halafu niwaambie kulobi kwenyewe, yaani kuwashawishi wakubwa, kulivyo, maana watu wanadhani ni suti na shampeni. Mwaka mmoja nilifuatana na meya wetu. Ni mwalimu mstaafu, mtu wa maneno mengi. Akatia kwenye begi kipande cha bomba la chuma tulilolifukua, kimeliwa na kutu mpaka ukikiinua unaona mwanga upande wa pili. Mlangoni mwa jengo la ofisi za wabunge begi likapita kwenye mashine, askari akatuita pembeni: hiki ni nini, bwana? Meya badala ya kujibu kwa kifupi akaanza kumsomesha historia ya bomba. Foleni nyuma yetu ikavimba, mimi natamani ardhi ipasuke.

Juu, mbunge hayupo, ameitwa kupiga kura. Akatoka msaidizi wake, kijana wa miaka ishirini na kitu. Chumba kimejaa wageni wengine, tukaongea naye tumesimama kwenye korido karibu na mashine ya soda. Dakika kumi na mbili. Mkononi tuna karatasi moja, upande mmoja: ramani, picha ya shimo, kiasi tunachotaka, na mstari unaosema mji utatia kiasi gani. Karatasi mbili hazisomwi. Mwishoni meya akamkabidhi yule kijana bomba lenyewe. Tulipoaga nilimwona amelikumbatia kama mtu aliyepewa mtoto mchanga asiyemjua mama yake.

Fungu lilipita. Meya mpaka leo anaamini ni bomba. Mimi naamini ni kwa sababu mbunge alikuwa na uchaguzi mgumu mwaka ule.

#6 Mla Pweza

Dada Karani, mwaka ujao mkapeleke choo kizima.

#7 Mwana wa Dunga

Karani umetaja "fungu". Hiyo ni kama CDF yetu hapa Kenya? Sisi kila eneo bunge lina mgao wake tangu 2003: madarasa, basari, kituo cha polisi, yote yanaandikwa jina la mheshimiwa ukutani. Na korti zimekuwa zikiivuta hiyo sheria huku na huku. 2022 Mahakama ya Juu ilisema ile ya 2013 inakiuka katiba, maana mbunge kazi yake si kutekeleza miradi.

#8 Karani wa Ruzuku

@Mwana wa Dunga zinafanana kwa mbali. Hapa mbunge hashiki hata senti. Anapendekeza miradi kwa jina na kiasi, na idadi ina kikomo: kwenye bajeti ya 2025 haikuzidi 15 kwa kila mbunge wa Baraza la Wawakilishi. Lazima aiweke hadharani kwenye tovuti yake na asaini kwamba yeye na familia yake hawana maslahi humo. Kamati ya matumizi ndiyo inachuja. Mtindo huu ulipigwa marufuku 2011 kwa sababu ya uchafu uliokuwemo, ukarudi 2021 na jina jipya na masharti hayo.

Na usidhani ukiona jina la mji wako kwenye orodha umepata. Machi 2025 Bunge lilishindwa kupitisha bajeti ya kawaida likaiburuta ile ya mwaka uliotangulia mpaka Septemba, na mafungu yote ya namna hii yakaachwa nje. Miji chungu nzima ilikuwa imeshaanza kumtafuta mkandarasi.

#9 Mbishi Mstaarabu

Wamarekani wenyewe mafungu hayo wanayaita "nguruwe". Mbunge anayerudi kwao na miradi mingi, wanasema amerudi na nguruwe.

#10 Mla Pweza

Anagawa nguruwe hadharani na watu wanapiga makofi? Hapa Ng'ambo, Unguja, tungekuwa tumeshamsomea.

#11 Kaka wa Tegeta

Mnamsahau baba lao. Alaska walijenga daraja la mamilioni kwenda kisiwa chenye watu hamsini. Linaitwa Daraja la Kwenda Kusiko na Kitu. Mtoto wa Kariakoo yuko sahihi kabisa, hawa ni walaji kama walaji wengine.

#12 Bwana Nyaraka

Kaka, halikujengwa. Tuweke sawa.

Mji ni Ketchikan, kisiwa ni Gravina. Mwaka 2005 sheria ya barabara ilitaja daraja hilo kwa jina, dola milioni 223. Kelele zikawa nyingi, mwaka huohuo Bunge likaondoa sharti kwamba hela ziende kwenye daraja, lakini jimbo likaachiwa hela zenyewe. 2007 gavana Sarah Palin akaufuta mradi. Kilichojengwa ni barabara ya kisiwani ya kuliendea daraja, na daraja halikufika. Hilo ndilo la kuchekesha kuliko daraja lenyewe.

Na hao watu hamsini ni kweli, ila kisiwa hicho ndipo ulipo uwanja wa ndege wa mji mzima. Mpaka leo ukitaka kupanda ndege Ketchikan unavuka kwanza kwa kivuko. Mtu wa Kigamboni anaelewa vizuri kwa nini walilitaka.

#13 Kaka wa Tegeta

Nimekubali yaishe. Kwa hiyo ni barabara ya kwenda kusiko na daraja.

#14 Bwana Nyaraka

Nikiwa bado hapa. Mleta uzi anauliza kama ni jambo la kawaida. Limeanza kwa njaa. Juni 1932, ajira zimekauka, meya wa Detroit Frank Murphy aliwaita mameya wenzake, wakaenda Washington kudai. Kabla ya hapo haikuwa kawaida meya kuliruka jimbo lake. Pale ndipo ilipozaliwa jumuiya ya mameya, ambayo mpaka leo inakutana Washington kila Januari.

Aliyeufanya kuwa ufundi ni Fiorello La Guardia wa New York. Aliiongoza jumuiya hiyo kuanzia 1935 mpaka 1945, huku akiwa hakauki kwa Rais Roosevelt. Kuna kisa chake cha 1934: tiketi imeandikwa New York, ndege ikatua Newark, jimbo jingine. Akakataa kushuka. Nimelipia New York, nipelekeni New York. Wakampeleka. Miaka mitano baadaye New York ikafungua uwanja mpya, sehemu kubwa kwa hela za Washington, na sasa una jina la La Guardia.

Basi msijidanganye kwamba mlango uko wazi daima. 1975 New York ilikaribia kufilisika, Rais Ford akakataa hadharani. Gazeti moja la pale likaandika ukurasa wa mbele kwamba Ford ameliambia jiji likafe. Miezi miwili haikuisha akasaini mkopo, mpaka bilioni 2.3 kwa mwaka.

Na kulikuwa na kipindi hawakuhitaji kuomba. Kuanzia 1972, enzi za Nixon, Washington ilikuwa inaigawia miji hela kwa hesabu maalumu ya idadi ya watu na kipato, uitumie utakavyo. Ilikufa 1986. Kwangu mimi jibu liko hapo: mgao ukifutwa, foleni inaanza.

#15 Mbishi Mstaarabu

Nyaraka, uko vizuri lakini usitufungie mjadala. Ruzuku ya maendeleo ya jamii ya 1974 bado inagawiwa kwa hesabu mpaka leo, na mameya walewale wanaoipata bado wanakwenda kupiga hodi. Mimi nasema chanzo ni ile sheria ya barabara ya 1956 ya Rais Eisenhower. Washington ilisema barabara kuu za kuunganisha majimbo tutalipa asilimia 90, ninyi mtie 10. Ukimzoesha mtu kulipiwa sahani tisa kati ya kumi, hatajifunza kupika.

#16 Dereva wa Usiku

Na wewe Mbishi unazipita hizo barabara kila siku ukiwa umewasha kiyoyozi.

#17 Mama wa Columbus

Salaam. Mimi niko Columbus, Ohio, tumepitia yote mawili, kushinda na kushindwa kwa wakati mmoja.

Kushinda: 2016 wizara ya uchukuzi ya Marekani ilitangaza shindano, jiji lenye mpango bora wa usafiri wa kisasa lipewe dola milioni 40. Miji 78 ikaomba. Saba ikabaki, San Francisco na Austin zimo. Tukashinda sisi, watu wakashangilia kama kombe.

Kushindwa: mojawapo ya vitu vilivyokuja ni kibasi kisicho na dereva mtaa wa Linden, mtaa wenye watu wengi wasio na gari. Februari 2020 kikaanza. Kilikuwa kinatambaa, mwanangu mwenye baiskeli ya matairi matatu alikuwa anakipita akigeuka kukipungia mkono. Haikufika wiki tatu kikafunga breki ghafla, abiria akateleza kutoka kwenye kiti, kikasimamishwa kubeba watu. Ikaja korona, kikawa kinabeba masanduku ya chakula. Cha kucheka ni kwamba kwa chakula kilifaa sana.

Jirani yangu mmoja alisema siku ile, sisi tulitaka basi la kila dakika kumi, wao walitaka kitu cha kupiga picha. Nafikiri hapo kuna jambo hamjalisema. Anayeomba anaandika anachopenda kusikia mwenye hela. Sisi Linden hatukuwa tunaota roboti.

Sasa hivi tuna mpango mwingine, mabasi ya njia maalumu, kama mwendokasi wenu Dar. Safari hii jiji limetumia akili nyingine: Novemba 2024 tukapiga kura kujiongezea kodi ya mauzo nusu asilimia, tukatoka 7.5 mpaka 8. Wenye mradi walituambia waziwazi, Washington haimpi mtu aliyekuja mkono mtupu. Kwa hiyo Mtoto wa Kariakoo, kabla ya bakuli kuna mchango. Risiti zangu za dukani ninazo.

#18 Mtoto wa Kariakoo

Mama wa Columbus, hapo kwenye mwendokasi usituonee wivu, kasimame kituoni saa moja asubuhi kwanza.

Ila umenifungua. Mnatoa kwanza ndipo mnaomba?

#19 Karani wa Ruzuku

Zaidi ya hapo. Mnatoa, mnaomba, mnapewa, halafu mnatumia ZENU kwanza ndipo mnarudishiwa. Ruzuku nyingi za ujenzi hulipwa kwa kurudishiwa. Mkandarasi anataka hela yake mwezi huu, wewe unapeleka madai na vielelezo. Sheria ya 1931 inataka kila kibarua kwenye mradi wa shirikisho alipwe kwa kiwango cha eneo hilo, kwa hiyo kila wiki napokea orodha ya mishahara ya kila mtu: jina, kazi, saa za Jumatatu, za Jumanne. Ofisi moja iliwahi kunirudishia madai ya miezi mitatu kwa sababu fundi mmoja wiki moja aliandikwa "kibarua" na wiki nyingine "fundi bomba". Nilimpigia simu mwenyewe. Akasema dada, wiki ile nilikuwa nachimba, wiki ile nyingine naunga. Yuko sahihi kabisa! Ilibidi niandike barua ya kurasa mbili kueleza kwamba binadamu anaweza kuchimba na kuunga.

Mji mkubwa una idara nzima ya hayo. Sisi ni mimi na mwenzangu wa nusu siku. Ndiyo maana kuna miji haiombi kabisa.

#20 Kaka wa Tegeta

Na madalali je? Nasikia miji inaajiri makampuni ya kulobi pale Washington, yanalipwa kwa mwezi. Hapo ndipo ulaji ulipo.

#21 Bwana Nyaraka

Wapo, na wanajulikana. Sheria ya 1995 inawalazimisha kujiandikisha na kutaja mteja na malipo, nyaraka ziko wazi mtandaoni. Meya akienda mwenyewe hahitaji kujiandikisha, maana ni ofisa wa umma kazini. Na hela ya ruzuku haiwezi kumlipa mlobi, hiyo ni marufuku tangu 1989. Mji unamlipa kwa kodi zake.

#22 Mwana wa Dunga

Kwa hivyo mji unatumia ushuru wa wananchi kulipa mtu aende kuomba ushuru wa wananchi walewale. Sawa.

#23 Mbishi Mstaarabu

@Mwana wa Dunga ndiyo ninachosema tangu #15. Na Chicago inaonesha zaidi: umelobi, umesaini, umepiga picha, kisha utawala ukibadilika unaambiwa ngoja. Hiyo ni kamari.

#24 Dereva wa Usiku

Mbishi, basi tupe njia yako. Cincinnati ifunge daraja?

#25 Mbishi Mstaarabu

Waweke tozo. Anayepita alipe, ukiwemo wewe na vitunguu vyako.

#26 Dereva wa Usiku

Wakentucky hawataki hata kulisikia neno hilo. Sheria yao ya 2016 inakataza tozo kwenye miradi ya kuunganisha Kentucky na Ohio. Ungekuwa mwanasiasa kule ungedumu wiki.

#27 Mla Pweza

Jamani mimi bado niko kwenye bomba. Dada Karani, yule kijana alilipeleka wapi?

#28 Karani wa Ruzuku

Kijana ameshaacha kazi, pale hawakai. Ila nilirudi mwaka jana kwa jambo jingine, bomba nikalikuta mezani kwa aliyemrithi. Hajui limetoka wapi. Amelisimamisha wima anatilia kalamu, na kuna moja imechomoza ubavuni kwenye tundu la kutu.

#29 Mla Pweza

Ulimwambia?

#30 Karani wa Ruzuku

Sikumwambia. Nilikuwa na dakika kumi na mbili.